Ploti iliyoyeyushiwa betri: kukwangua udongo futi moja kwatosha?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mikindani: "Nimenunua ploti ya futi 50 kwa 100 huko Miritini. Aliyeniuzia alikuwa akivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi. Amehama na kuacha tanuri, banda la mabati, rundo la mavi meusi ya tanuri, mitungi yenye maji ya betri, na udongo mweusi wenye harufu kali. Mlinzi anaishi humo ndani na mkewe na watoto wawili. Fundi wangu asema nikwangue udongo futi moja, niutupe, nijaze kifusi, kisha nijenge nyumba za kupangisha. Je, yatosha?"

Dada yangu, kabla ya udongo tuanze na watoto. Familia ya mlinzi ihame leo. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hunyonya karibu nusu ya alichomeza, ilhali mtu mzima hunyonya kama sehemu moja kwa kumi. Na watoto huimeza bila mtu kujua: vumbi la sakafuni, vidole mdomoni, embe lililoanguka na kuokotwa. Wote wanne wakapimwe kiwango cha risasi kwenye damu, na sampuli itolewe kwenye mshipa wa mkono, si kwa kuchoma kidole, kwa sababu kidole chenye vumbi kidogo tu hulitia jibu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Nguo zifuliwe peke yake. Magodoro na mikeka usiwaache wahame nayo. Wanunulie mapya, kwani godoro hufyonza vumbi hilo na halisafishiki.

Sasa fundi wako. Futi moja yaweza kuwa nyingi mno upande mmoja wa ploti, na ndogo mno upande mwingine. Risasi haiozi wala haiyeyuki kwa mvua ya kawaida. Ikianguka juu ya udongo hushikana na mfinyanzi na mboji, ikabaki kwenye sentimita chache za juu kwa miongo mingi. Pale ambapo vumbi na moshi ndivyo vilivyoileta, kwa mfano ukutani mwa nyuma, huenda sentimita 10 zikatosha. Lakini palipomwagwa maji ya betri habari ni tofauti. Asidi huibandua risasi kutoka kwenye udongo na kuishusha chini. Miritini, kama Changamwe na Jomvu, imekaa juu ya mwamba laini wa matabaka uliooza ukawa mfinyanzi. Mfinyanzi huo hupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa hizo ndizo mifereji ya vumbi na asidi. Usishangae chini ya sehemu ya kuvunjia betri ukakuta sumu ikiwa mita moja kwenda chini. (Kwa wenye viwanja vya Likoni au Kisauni juu ya jiwe la matumbawe, tahadhari iwe kubwa zaidi: jiwe hilo lina mapango na mianya, na kinachomwagwa juu hufika kwenye maji ya visima upesi.)

Kosa la pili katika ushauri huo ni neno "niutupe". Kwa vipimo vyako, futi moja ya ploti nzima ni takriban mita za ujazo 142, yaani kama tani 240, na ukishachimbwa udongo huvimba kwa robo hivi. Ni safari zipatazo 16 za lori la tani 15. Lori lisilo na kibali huenda kuumwaga wapi? Kwenye bonde, kando ya mkondo wa bahari, au kwa mtu anayejaza kiwanja chake. Dampo la Mwakirunge halikujengwa kupokea taka za sumu. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walichimba na kuchekecha mchanga uliojaa risasi ya betri ili waiuze, wakaupeleka hadi majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Udongo ukiondoka kwako bila karatasi, umehamisha msiba tu.

Na hapa kwetu mambo haya yamekwisha kufika mahakamani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya kijiji cha Owino Uhuru, si mbali na kwako, kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo na maji yasafishwe ndani ya miezi 4; Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, na msingi wake ni kwamba aliyechafua ndiye anayegharimia. Kwa hiyo mwone wakili kuhusu aliyekuuzia kabla hujaanza kulipa mafundi. Piga picha za kila kitu kilivyo. Andikia ofisi ya NEMA ya kaunti, ueleze ulichokuta, na uombe mkubaliane kwa maandishi kiwango cha risasi ambacho udongo ukifika utahesabiwa safi. Mkiacha jambo hilo hadi mwisho, kila mtu atakuja na tarakimu yake. Marekani ilitumia miligramu 400 kwa kilo ya udongo kwa miaka mingi kwenye sehemu za kuchezea watoto. Januari 2024 ikashusha kiwango cha kuanzia uchunguzi wa makazi hadi 200. Kwa kuwa unajenga nyumba zitakazokaliwa na familia, shikilia 200.

Wakati unangoja majibu, funga lango, tandika turubai juu ya rundo la mavi ya tanuri na ulizungushie tuta dogo ili maji ya mvua yasipite chini yake. Mavi hayo ndiyo kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Wayeyushaji wadogo huchanganya magadi na vyuma chakavu ili kuitoa risasi, na mavi yanayobaki hunyonya unyevu, yakavimba, yakamomonyoka na kutoa harufu ya mayai yaliyooza. Jiwe gumu la Januari ni unga mweusi ifikapo Juni. Usiyavunje, usiyamwagie maji, na usimruhusu mtu ayachukue kujazia shimo la barabarani. Mitungi nayo isitoke nje hata mmoja. Mombasa tunavyohangaika na maji, mtungi wa lita 20 uliosuuzwa hupata mnunuzi siku hiyo hiyo, na mtu akaweka humo maji ya kunywa. Kilichomo kikishatibiwa kama nitakavyoeleza hapa chini, mtungi utobolewe na kukatwa, kisha uhesabiwe kama taka ya sumu.

Maji ya betri yashughulikiwe mwanzo, kwa sababu ndiyo yanayoweza kutembea. Dawa yake nzuri ni magadi ya unga ya viwandani, yale yanayotoka Ziwa Magadi. Asidi ya betri iliyojaa chaji ina uzito wa kilo 1.28 kwa lita, na asilimia 37 hivi ya uzito huo ni asidi tupu. Lita moja basi huhitaji takriban nusu kilo ya magadi, na mtungi wa lita 20 kilo 10. Asidi ya betri zilizokufa huwa dhaifu zaidi, kwa hiyo usimwage kilo zote 10 kwa pupa. Tumia pipa pana la plastiki lililojaa nusu tu, tia magadi kidogo kidogo, ngoja povu litulie, pima kwa karatasi za pH (kipimo cha ukali wa asidi; 7 ndiyo katikati), endelea. Simama pH ikifika 8 au 9. Usifunike pipa likiwa linachemka povu, kwani gesi inayotoka italipasua. Chokaa pia hufanya kazi, kama kilo 0.36 kwa lita, lakini huacha tope jingi zito ambalo utalilipia kulisafirisha. Soda kali ya kutengenezea sabuni usiiguse: hupandisha pH ghafla kupita 11, na hapo risasi iliyokwisha kuganda huyeyuka tena. Tope linalotuama chini ya pipa lina risasi na linaingia kwenye hesabu ya taka za sumu. Maji ya juu nayo hayamwagwi hadi maabara iyapime.

Banda na tanuri: usipige ufagio mkavu hata mara moja. Vumbi laini kuliko yote limekaa juu ya papi, kwenye mikunjo ya mabati na ndani ya bomba la moshi. Lifyonzwe kwa kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi laini kabisa (cha nyumbani hulitema tena kwa nyuma), kisha paoshwe kwa maji kidogo na sabuni, na maji yakusanywe. Mabati yakioshwa na kukaguliwa yaweza kuuzwa kama chuma chakavu cha kuyeyushwa. Kuezekea nyumba ya mtu, hapana. Matofali ya tanuri yamenyonya risasi hadi ndani. Yote ni taka ya sumu.

Kisha ndipo udongo, na hapa nakusihi utumie pesa kwenye vipimo kabla ya kutumia kwenye jembe. Igawe ploti kwa kamba miraba ya mita 5 kwa 5, utapata 18. Katika kila mraba chukua udongo sehemu tano, uuchanganye, na ufanye hivyo kwa tabaka nne: sentimita 0 hadi 5, 5 hadi 15, 15 hadi 30, na 30 hadi 60. Hizo ni sampuli 72. Chini ya tanuri na mahali pa kuvunjia betri endelea kushuka hadi upate matokeo safi mara mbili mfululizo. Koleo lioshwe kila tabaka, na uchimbe shimo pana kidogo juu, la sivyo vumbi la juu litaporomokea sampuli ya chini, ukaambiwa sumu imezama kumbe haikuzama. Usiishie ukutani: chukua pia nje, kando ya mfereji unakoelekea na upande unakopelekwa vumbi na upepo. Ukiyakuta ya nje ni machafu, jirani ana haki ya kujua.

Sampuli zote 72 si lazima ziende maabara. Mshauri mwenye kipima cha mkono cha XRF, kinachotambua madini kwa miale ya eksirei, atazisoma papo hapo, mradi udongo umekaushwa na kuchekechwa. Udongo mbichi hukifanya kisome chini ya ukweli. Moja kati ya kila kumi, na zote zilizo karibu na kiwango mlichokubaliana, ziende kwenye maabara inayotambuliwa na NEMA kuthibitisha. Mwambie pia mshauri wako kwamba unataka arseniki na antimoni zipimwe maabara. Fremu za betri za zamani zilitiwa madini hayo kuzipa ugumu, na kipima cha XRF hakiwezi kuiona vizuri arseniki mbele ya risasi nyingi kwa kuwa alama zao hugongana. Bila kujua hilo utachagua dawa isiyofaa, kama utakavyoona.

Matokeo yakishaandikwa kwenye ramani ya miraba, kazi hujigawa yenyewe. Udongo mkali, yaani wenye risasi nyingi, hutengwa na hupimwa kwa kuchujwa: gramu 100 huzungushwa kwa saa 18 ndani ya maji yenye siki kidogo, mara 20 ya uzito wake. Ikitoka risasi zaidi ya miligramu 5 kwa lita, kwa kipimo cha Marekani ni taka ya sumu. Udongo wenye jumla ya chini ya miligramu 100 kwa kilo hauwezi kushindwa jaribio hilo kihesabu, kwa hiyo usilipie.

Uchimbaji wenyewe ufanyike Januari na Februari, mvua za masika hazijaingia. Wakati huo ni kaskazi, upepo watoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo chumba cha kubadilishia nguo, maji ya kunywa na chai viwe upande huo, na vumbi litakwenda upande wa pili ambako utaweka pazia la turubai juu ya ukuta. Kama utachelewa hadi kusi, geuza mpango wote. Mei, ambao ndio mwezi wetu wa mvua kubwa, shimo lililo wazi litakuwa bwawa la maji ya risasi na hutajua uyapeleke wapi. Chimba tabaka za sentimita 15, ukianzia mwisho wa ploti na kurudi kuelekea lango, ili lori lisikanyage palipokwisha kusafishwa. Udongo ulowanishwe kwa mnyunyizo mwembamba tu. Ukiumwagia kwa mpira, unabeba uchafu chini na unalipia uzito wa maji. Pakia kwenye magunia makubwa yenye nailoni ndani, yasiyozidi tani moja, yafungwe na kuandikwa namba ya mraba. Ukiona vumbi linavuka ukuta, kazi isimame.

Vijana watakaofanya kazi wapimwe damu kabla ya kuanza na kila mwezi. Kitambaa puani hakizuii chochote. Wavae barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P100 vinavyonasa karibu vumbi lote, ovaroli, glavu na gambuti, na vyote vibaki pale pale, visifike nyumbani. Ndani ya uzio hakuna kula, kuvuta sigara wala kutafuna miraa. Hili la miraa lisemwe wazi asubuhi, kwani jani hupita kwenye vidole vichafu mara mia kwa siku, na barakoa bora haimsaidii anayemeza sumu kwa mkono wake.

Udongo mkali na mavi ya tanuri waachie msafirishaji mwenye leseni ya NEMA ya taka za hatari, kwa hati ya ufuatiliaji inayosainiwa ulikotoka, njiani na ulikofika. Nakala ya mwisho isiporudi kwako, kazi haijaisha. Mabaki yenye risasi nyingi hupokelewa na wayeyushaji wenye vibali. Yakivuka mpaka wa nchi, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka za hatari, unataka ridhaa ya nchi inayopokea kwanza.

Utaambiwa pia kuwa udongo waweza "kutibiwa" kwa saruji au mbolea ya fosfeti, na ni kweli, kwa masharti. Fosfeti huigeuza risasi kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, ila arseniki ikiwepo, fosfeti huisukuma itoke na kuingia majini. Saruji hukamata yote mawili vizuri kiasi, lakini ikizidi, pH hupanda hadi 12 na risasi huanza kuvuja, kosa lile lile la soda kali. Risasi hutulia zaidi pH ikiwa kati ya 8 na 10. Dawa ni kujaribu kwanza kwenye ndoo: asilimia 5, 10 na 15 ya saruji, siku 28, kisha jaribio la kuchuja kwa kila moja. Anayekutajia kipimo cha saruji bila ndoo hizo anabahatisha. Na kumbuka kwamba kutibu hakupunguzi risasi iliyomo. Mtoto akiula udongo huo bado ameula.

Kwa ploti ndogo kama yako ningefanya hivi. Udongo wote ulioshindwa jaribio uondoke. Ule wa kati, uliovuka 200 lakini hauchujuki, waweza kubaki chini ya zege la nyumba tu, juu yake wavu wa plastiki wa rangi ya machungwa kama alama, kisha sentimita 30 za kifusi safi, ndipo zege. Ua, mahali pa kuanikia nguo na pa kuchezea watoto pasafishwe kabisa hadi kiwango mlichokubaliana. Kabla ya kujaza kifusi, chukua tena sampuli chini na kwenye kuta za kila shimo. Mkandarasi atakuharakisha, maana mashine inahesabu saa. Usimkubalie, kwa kuwa ukishajaza hakuna tena ushahidi. Na kifusi chenyewe kipimwe kinakochimbwa, kisije kikawa kimetoka kwenye ploti ya mwingine mwenye shida kama yako.

Limebaki shimo la maji taka, ambalo mafundi wengi hulisahau. Shimo la kufyonza maji likichimbwa penye udongo uliobaki, huupandisha wenye sumu juu na kisha kuusukumia maji kila siku. Lichimbe kwenye mraba uliothibitishwa safi hadi chini, au utumie tangi lililozibwa la kunyonywa na lori. Kisima usichimbe kabisa hapo. Vya majirani wa karibu vipimwe sasa na tena baada ya masika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Ramani ya miraba, majibu ya maabara, hati za lori na picha za wavu wa machungwa zikae pamoja na hati ya umiliki, na nakala moja apewe fundi wa msingi kabla hajapanga mahali pa bomba lolote.